Jina Kwenye Kioo

Kompyuta iliponiuliza iitwe nani, sikufikiri. Niliandika jina la babu.

Kila anayefunga seva huulizwa swali hilo. Seva ni kompyuta kama nyingine, ila haizimwi; inakaa mahali pake ikisubiri kuulizwa, na ili mtu wa mbali aipate lazima iwe na jina. Chuoni tuliziita kwa majina ya sayari, ya ndege, ya wachezaji wa mpira. Siku ile nilikuwa nimekaa kwenye stuli sebuleni kwa mama, Tukuyu, blanketi mabegani kwa sababu ya baridi, na seva yenyewe nilikuwa naifunga kwa ajili ya babu. Kwa hiyo niliipa jina lake, herufi ndogo tupu, nikabonyeza. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe changu cha chai. Alikiweka mezani, akatoka kwenda kuangalia kuku.

Jina lenyewe sitaliandika hapa, na si kwamba nimeanza kuamini.

Babu alikuwa baba mzazi wa marehemu baba yangu. Aliishi Masoko, karibu na ziwa, kwenye kahawa na migomba yake, mpaka kifua kilipoanza kumshinda na daktari akasema asikae mbali na hospitali. Baba zangu wadogo walikubaliana aletwe mjini kwa mama, kwenye nyumba ndogo ya uani. Shangazi, binti yake mkubwa, aliyekuwa akiuza mitumba sokoni, alihamia naye ili amuogeshe na kumlisha. Mama alipika. Chakula kilitoka jikoni kwa mama, kikavuka uani mikononi mwa shangazi.

Mimi nilikuwa Dar es Salaam, nimetoka chuo kikuu karibuni na kupata kazi kwenye kampuni ndogo iliyofunga mitandao maofisini. Nilikuwa mtu wa maswali tangu utotoni, na katika ukoo mzima babu peke yake ndiye aliyekuwa hachoki kuulizwa. Wengine waliniambia nitaolewa na nani nikiwa hivi. Babu alinijibu, na akishindwa alisema hajui, jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa mtu mzima mwingine yeyote. Lakini masikio yake yalikuwa yamekufa. Nikimpigia simu alipaza sauti, "Nani?" mara kadhaa, kisha akamrudishia shangazi mkono wa simu kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani. Macho yake bado yalisoma, hasa herufi kubwa. Na pumzi, kila nilipokwenda likizo, ilikuwa fupi kuliko mara ya mwisho.

Nilichotaka kilikuwa kimoja: maneno yake yanifikie kabla pumzi haijaisha.

Mpango ulikuwa huu. Babu aongee kwenye maiki. Sauti ihifadhiwe kwenye kompyuta ya sebuleni. Jumapili mchana, mimi nikiwa kwenye ofisi tupu ya Dar, niipigie kompyuta ile kwa simu ya mezani, modemu ya huku, kifaa kinachoziwezesha kompyuta kuongea kwenye laini ya simu, iongee na modemu ya kule, nichote sauti na kuacha barua. Mama aipige barua yangu chapa kwa herufi kubwa, shangazi ampelekee babu aisome.

Mama aliliweza hilo kuliko mtu yeyote. Alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya serikali pale Tukuyu mpaka lilipokuja zoezi la kupunguza wafanyakazi, na ofisi ilipouza vyombo vyake vya zamani aliinunua mashine aliyokuwa akiitumia yeye mwenyewe. Watu walimshangaa: kila mtu siku hizo alikuwa anafungua kioski, yeye ananunua taipureta. Ilikaa chumbani kwake chini ya kanga. Vidole vyake havikuhitaji macho.

Tatizo lilikuwa kwamba mama ni mkamwana. Kwetu mkamwana hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja, na jina lake halitamki. Wakikaribiana njiani, mwanamke anaingia migombani mpaka mzee apite. Wanawake wa zamani walikwepa hata maneno ya kawaida yanayofanana na jina lile, wakatafuta mengine. Kwa Kinyakyusa jambo hili ni ukutila, na neno hilo hilo ndilo lenye maana ya kuogopa. Chuoni nililichukia. Nilikuwa nimesoma vya kutosha kuuliza nani anafaidika pale mwanamke anapofundishwa heshima na woga kwa neno moja. Isitoshe, miaka ile watu wengi wa mjini walikuwa wameshaacha. Wakwe walikaa meza moja harusini na kupigwa picha. Mama, mtu wa kanisani na wa ofisini, aliendelea. Niliwahi kumuuliza: nyumba ikiungua na babu yumo ndani, utafanya nini? Akasema atapiga kelele. Na kama hakuna wa kumsikia? Akaniuliza kama nimemaliza kuchambua mchele.

Shangazi alinisimulia kwamba hata ofisini hali ilikuwa hiyo. Babu alikuwa kwenye kamati ya chama cha wakulima wa kahawa, kwa hiyo jina lake lilitokea sana kwenye barua. Mama alikuwa akilifikia, anaruka nafasi, anaendelea. Baadaye mwenzake wa meza ya pili alikuja kulijaza. Nafasi ilitosha sawasawa kila mara. Hakuna bosi aliyejua. Nilicheka sana niliposikia, na baada ya kucheka nikalisahau.

Kompyuta niliinunua Mbeya, mtumba wa Ulaya, kwenye duka lililouza pia friji na baiskeli za watoto, vyote vikiwa na vumbi la kontena moja. Mfumo wa kuiendesha niliouweka ulikuwa wa bure, ule tulionakiliana chuoni kwenye CD. Fundi redio wa sokoni aliunga waya mrefu wa maiki, tukaupitisha dirishani, juu ya kamba ya nguo, mpaka chumbani kwa babu. Kila kitu kiliwaka isipokuwa modemu. Ilikuwa ndani ya boksi, niliishika kwa mkono wangu, lakini mfumo ulisema hakuna kitu kama hicho.

Shangazi aliuliza kimekwama nini. Nikamweleza kwamba kila kifaa kinahitaji draiva yake, programu ndogo inayoufundisha mfumo namna ya kuongea nacho, na kwamba draiva ya modemu hii haipo. Akaenda kumtangazia babu kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani kwamba dereva wa mashine hayupo. Jibu la babu lilikuja na shangazi akiwa bado anacheka: kama basi halina dereva, abiria washuke wale kwanza. Likizo yote iliyobaki, kila nilipopita uani aliniuliza kama dereva ameshatoka kilabuni.

Nilikwenda Mbeya kutafuta draiva kwenye mgahawa wa intaneti, nikarudi na disketi ndani ya mfuko wa nailoni kwa sababu mvua ilinikuta Kiwira. Disketi moja ilikataa kusomeka. Nikaenda tena. Nilijaribu draiva za modemu nilizodhani ni dada zake, moja baada ya nyingine, nikisoma malalamiko ya mfumo na kubahatisha. Mwisho draiva iliyotengenezwa kwa modemu nyingine kabisa ilikubali, baada ya kudanganywa kidogo kuhusu inaendesha nini. Modemu ikalia ule mlio wake wa kukwaruza. Babu hakuusikia, lakini alimwona shangazi ameziba masikio, akauliza kama dereva amefika amelewa.

Nilimtengenezea mama menyu rahisi. Akiwasha kioo, kompyuta ingemwonyesha jina la seva na kumwomba aingie, kama mlango wenye kibao. Akishaandika nenosiri, ingekuja menyu ya Kiswahili: moja kurekodi, mbili kusimamisha, tatu kusoma barua. Angevaa hedifoni kuhakikisha sauti inaingia, na babu akimaliza shangazi angetikisa kanga dirishani ili mama asimamishe. Kwa namna hiyo mkwe na mkamwana wangefanya kazi moja bila kuonana. Nilijisifu kwamba nimeheshimu mila ambayo siiamini.

Siku ya kuondoka nilikuta mama ameweka kitambaa cha kufuma juu ya kioo cha kompyuta, kama vile vinavyofunika redio na makochi nchi nzima. Hakikukaa katikati. Kilikuwa kimeteremkia kushoto, kikificha kona ya juu ya kioo. Nilikinyoosha. Niliporudi kuchukua begi, kilikuwa kimerudi kushoto. Nikamtania kwamba seva imevaa kilemba upande. Akasema nikiache, kinaipendeza.

Sauti ya kwanza niliichota Jumapili ya kwanza baada ya kurudi Dar. Babu aliongea Kinyakyusa. Hapa naandika kwa Kiswahili ninavyoweza.

"Mke wangu," alisema, maana ndivyo babu zetu wanavyowatania wajukuu wa kike, "wamenipa kijiti nikisemeshe, na wanasema ndani ya kijiti umo wewe. Kama umo, usijibu. Sikusikii."

Nilicheka peke yangu ofisini mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Jumapili zikawa zetu. Hapo mama na shangazi walikuwa wameshatoka kanisani. Mimi sikuwa naenda, kwa hiyo nilikuwa na nafasi. Nilimuuliza babu kila kitu. Kama ni kweli Wajerumani walizamisha mali ndani ya ziwa la Masoko. Akajibu kwamba naye aliwahi kwenda kutafuta, akapata homa. Kwa nini waliing'oa mibuni ya zamani na kupanda chai, kisha wakaing'oa chai na kurudisha kahawa. Akasema kila aliyekuja na gari jipya alikuwa na zao lake. Kama anaamini atamwona bibi tena. Akasema hajui, ila ameshaandaa cha kumwambia. Waya wa maiki uliokota vingine pia: jogoo, mvua kwenye bati, sauti ya shangazi akibishana na mnunuzi wa mitumba aliyemfuata mpaka nyumbani. Lakini kila baada ya majuma kadhaa niliona mafaili yanapungua ukubwa. Kanga ya shangazi ilikuwa ikitikiswa mapema zaidi.

Kisha mvua kubwa ikaja na ngurumo zake, kama zinavyokuja upande wetu wa Rungwe. Mama alikuwa na kawaida ya kuchomoa waya wa simu wingu likianza tu kukaa mlimani. Siku hiyo alikuwa amekwenda kununua mafuta ya taa. Kabla ya radi, umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, wakati kompyuta ikiandika kwenye diski. Na zilikuwepo sauti kadhaa ambazo sikuwa nimezichota, kwa sababu Jumapili mbili nyuma simu ya ofisi yetu ilikuwa mbovu. Babu alizirekodi akiwa na nafuu. Juma la ngurumo alikuwa amerudishwa hospitalini kwenye oksijeni.

Jumapili nilipiga, modemu haikuitika. Simu iliita tu, mpaka mama akaipokea mwenyewe.

Nilimwomba awashe kompyuta na anisomee kioo. Alisoma vizuri, kwa Kiingereza cha mpiga chapa, kila herufi mahali pake. Akiandika nenosiri lake, kompyuta ilimrudisha pale pale mlangoni. Menyu haikuja.

"Pale mlangoni pameandikwa nini?" nilimuuliza.

"Login."

"Kabla ya login?"

"Hakuna cha kusoma."

Jina la seva lilitakiwa kuwa pale. Kama halipo, basi kompyuta imesahau mpaka inavyoitwa: mipangilio yote imefutika, watumiaji wamefutika, nenosiri lake halitambuliwi, langu pia halitafaa kitu. Na diski iliyopoteza hivyo vyote isingekuwa imeacha sauti salama. Nilimuuliza tena, mama, una uhakika, kabla ya login hakuna kitu? Akarudia neno lile lile, taratibu: hakuna cha kusoma.

Juma zima niliuliza wenzangu kazini. Wote walisema nilichokuwa nimekisema mwenyewe: weka mfumo upya. Nilihesabu kwamba zilizopotea zimepotea, na kwamba bora mashine iwe tayari babu akirudi kutoka hospitali, apate kusema hata kidogo. Jumapili iliyofuata babu alikuwa amerudi nyumbani, dhaifu. Nilimpigia mama, nikamwambia aweke CD niliyomwachia, nikaanza kumwelekeza.

Alifuata kila hatua bila kukosea. Nilimsikia akibonyeza. Tukafika pale ambapo mfumo unauliza kama ufute kila kilichomo kwenye diski. Nikamwambia akubali.

Hakubonyeza.

"Sauti za babu yenu ziko wapi?" aliuliza.

Nikamweleza kwa upole, kwa sababu nilidhani mimi ndiye ninayembembeleza. Nikasema mama, kama jina halipo, hata hizo hazipo. Tusidanganyane. Bonyeza tuanze upya.

Nilisikia anavuta pumzi. Nilisikia pia mvua ya kule, nyepesi, kwenye bati.

"Jina lipo," mama alisema. "Mimi siwezi kukusomea."

Sikumwelewa mara moja. Nilikuwa nimeanza kumuuliza kama macho yanamsumbua, sentensi ikiwa nusu, ndipo nikakiona akilini kile kitambaa, kimeifunika kona ambayo jina la seva hutokea. Nikaiona na nafasi ya ofisini, ile iliyotosha sawasawa. Alikuwa amenijibu ukweli siku zote. Kwake pale hapakuwa na cha kusoma. Nami, mjukuu wa mzee yule yule, niliyezaliwa na kukulia ndani ya mila ile, nilimweka babu kwenye mlango ambao mama alipaswa kuupita kila siku, na nikamtuma mama anitajie.

Nikamwambia atoe CD na asiguse kitu. Alisema alikuwa ameshaitoa.

Shangazi aliitwa. Binti anaweza kutaja jina la baba yake bila shida, na shangazi alilitaja kwa nguvu, mdomo ukiwa umegusa simu, akaongeza kwamba huko chuoni walinifundisha kumpandisha mzee kwenye kioo kama tangazo la sabuni, lakini hawakunifundisha nani atamtazama. Kisha akataka kujua kama mama yangu alikuwa anatakiwa afumbe macho au atazame pembeni kama kuku. Mama alikuwa akimwambia wifi, basi, wifi, yatosha.

Jina likiwepo, kila kitu kilibadilika. Mipangilio ilikuwa imesomwa, diski ilikuwa nzima. Menyu ilimrudisha mama mlangoni kwa sababu ilitafuta kifaa cha sauti isikione. Modemu haikuitika kwa sababu hiyo hiyo. Umeme ulikatika wakati orodha ya draiva ikiandikwa, na ukurasa mmoja ukaharibika. Dereva alikuwa ameteremka njiani, abiria wote wangali ndani.

Tuliitengeneza watu watatu. Mimi nilisema amri, herufi kwa herufi. Mama aliandika bila kutazama, kitambaa kikiwa kimeshushwa. Shangazi alisoma kilichotokea, kwa Kiingereza cha kujitungia: alinisomea neno la kosa kana kwamba ni jina la mtu wa Kyela. Tulikosea, tukarudia. Draiva ya sauti ikaingia. Tukaiandika upya ile ya modemu, pamoja na uongo wake mdogo. Nikawaambia wakate simu, nikahesabu kidogo moyoni, nikapiga. Iliita mara moja, kisha mlio ule mbaya wa kukwaruza ukanijaa sikioni, na sijawahi kusikia kitu kitamu kama kile.

Sauti zote zilikuwepo. Nilizichota mpaka jioni.

Shangazi, bila shaka, alimweleza babu. Alimwandikia kwa mkaa nyuma ya boksi la sabuni, kwa sababu kumpigia kelele habari ile, mama akiwa jikoni, hata yeye aliona si vizuri. Jumapili iliyofuata nilikuta faili moja jipya, na lilikuwa kubwa kuliko yote aliyowahi kurekodi. Nilifurahi, nikadhani pumzi imerudi. Laini ya simu ililibeba polepole sana. Ikakatika, nikaanza tena. Nililifungua nikiwa nimesimama.

"Mke wangu," babu alisema, "nimesikia umeniweka mlangoni kwa mama yako. Unataka nimfukuze mwenye nyumba?" Alicheka, kicheko kikawa kikohozi, akasubiri kipite. "Tangu aolewe anapita mbali nami. Amenilisha, sijamwona uso. Wewe unanisimamisha mbele yake kila akiwasha taa. Nitoe. Andika jina la mwenye nyumba."

Kisha akalitaja.

Hakusema mama wa fulani, wala binti wa kutoka Kisiba, kama alivyozoea kumwita akimtuma shangazi. Alitaja jina la mama, lile alilokuja nalo kutoka kwao akiwa msichana. Katika maisha yangu sikuwahi kumsikia babu akilitamka, na kwa desturi yeye pia hakutakiwa. Alilitaja taratibu, kama mtu anayejaribu ufunguo.

"Ndaga fijo," akasema. Asante sana. Sijui kama alikuwa ananiambia mimi.

Hapo alikuwa amemaliza, na shangazi alitikisa kanga dirishani. Baadaye aliniambia alitikisa mpaka mkono ukauma. Hakukuwa na mtu wa kuiona. Mama alikuwa ameyasikia yote kwenye hedifoni, akazivua, akaziweka juu ya meza, akatoka. Ndani ya faili unasikia ndala zikipita uani kwenye maji, upesi, karibu na dirisha la babu, na mlango wa jikoni. Shangazi anasema babu aliona upande wa kanga ukipita, akageuza uso ukutani kama inavyotakiwa.

Jioni ile ile nilibadilisha jina la seva nikiwa Dar. Ni mistari miwili tu. Barua yangu kwa babu ilikuwa fupi, nikamwandikia dereva amerudi na mlango una mwenyewe. Mama aliipiga chapa. Shangazi alipoipokea aliona chini yake kuna mstari ambao haukuwa wangu, herufi kubwa: NIMESIKIA, BABA.

Mara ya kwanza nilipompigia mama baada ya hapo nilimwomba anisomee kioo, bila sababu. Alisoma jina lake mwenyewe kama anasoma la mtu mwingine, bila kusita, kisha "login". Kitambaa, aliniambia shangazi, kilikuwa kimepanda juu ya kioo, katikati.

Babu alirekodi mara chache nyingine, kila moja fupi. Alituacha kabla kahawa haijaiva, tukamrudisha Masoko. Ratiba ya mazishi mama aliipiga chapa mwenyewe. Aliruka nafasi, shangazi akaijaza kwa kalamu. Kompyuta yenyewe iliuawa na radi mwaka uliofuata. Sikuumia sana, vyote vilivyokuwemo vilikuwa vimeshanifikia.

Mpaka leo sijamaliza kubishana na ile mila. Bado nauliza nani anafaidika. Lakini mama husoma kila ninachoandika, na nisingependa afike mahali kwenye ukurasa wangu asiweze kupita.

Lile faili kubwa ninalo. Baada ya mlango wa jikoni, babu anamuuliza shangazi kama mashine imezimwa. Shangazi anampigia kelele kwamba hakuna wa kuizima, mama yuko jikoni. Babu anasema, "Mwache." Halafu hakuna neno tena. Mvua inaanza kwenye bati, na chini ya mvua kuna pumzi yake, inaingia, inatoka, inakwama kidogo, inaingia, muda mrefu sana, mpaka mama aliporudi akasimamisha.

Ndugu niliowapa nakala wameniomba nikate kile kipande cha mwisho. Wanasema kinakula nafasi, na hakina kitu. Sijakikata.